Kupanda Mjengo Usiku: Picha Ni Kali, Lakini Unajua Unakanyaga Nini?

Hizo video umeziona. Raba nyeupe zinaning'inia hewani, na chini kabisa magari ya Waiyaki Way yanapita kama siafu wenye tochi. Nyuma kuna kreni imesimama giza, hakuna mtu, ni upepo tu. Video ni sekunde kumi na tano, likes zinaingia kama mvua ya Aprili, halafu kwa comments lazima kuna msee mmoja ameuliza: "Hii ni mjengo gani? Tuko hapo wikendi."

Leo tunaongea na huyo msee. Hatumhubirii, kwa sababu mahubiri hajaomba. Tunataka tu kumpa rada: hii mchezo ya kupanda mijengo usiku ilitoka wapi, inavuta watu kwa nini, na kuna nini kwa hiyo giza ambayo kamera haionyeshi.

Ilianzia wapi?

Majuu wanaiita "urbex", yaani kuzurura na kuchunguza sehemu za jiji ambazo raia wa kawaida haingii: mitaro, viwanda vilivyokufa, stesheni za chini ya ardhi zilizofungwa, na mijengo ambayo bado iko kwa mabati. Watu wamefanya hii kitu kabla hata simu za kamera zije. Toronto, Canada, msee aliyejiita Ninjalicious alianza kutoa kijarida chake mwaka wa 1996 kuhusu kuingia mahali ambapo hujaalikwa. Mwaka wa 2005 akakitoa kitabu kizima. Wakati huo hakukuwa na likes. Watu walikuwa wanataka tu kujua jiji lao limeundwaje.

Halafu mijengo mirefu ikaanza kuota kila mahali. London, kabla The Shard haijaisha, mtafiti wa jiografia anaitwa Bradley Garrett aliingia na mbogi yake usiku na kupanda hadi juu kabisa kwa kreni. Picha zilipotoka mwaka wa 2012, magazeti ya Uingereza yalizikamata mbio. Hiyo jengo ina urefu wa karibu mita 310, mara tatu ya KICC yetu.

Mwaka wa 2014 ikawa Shanghai. Vadim Makhorov na Vitaliy Raskalov waliingia Shanghai Tower ikiwa bado inajengwa. Walichagua siku ya mwaka mpya wa Kichina makusudi, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wameenda nyumbani na kreni ilikuwa imezimwa. Walipanda hadi kwa mkono wa kreni, zaidi ya mita 600 kutoka chini. Ile video ilizunguka dunia nzima.

Kama una Netflix, labda umecheki "Skywalkers: A Love Story" ya 2024. Hiyo ni story ya Angela Nikolau na Ivan Beerkus, wapenzi kutoka Urusi waliopanda Merdeka 118 kule Kuala Lumpur, Malaysia, kabla haijamalizika. Jengo lina mita 678.9, la pili kwa urefu duniani baada ya Burj Khalifa. Unajua waliingia lini? Siku ya fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa. Walijua masoja watakuwa wameganda kwa mpira. Hata hivyo mambo hayakuenda vile walipanga, na ikabidi wajifiche ndani zaidi ya siku nzima kabla wafike juu.

Weka hiyo akilini, kwa sababu ndiyo kitu video fupi hukata. Hao wawili walikuwa wamefanya hii kazi kwa miaka, wakasoma ramani na ratiba, na bado plan ikawageuka. Msee wa comments anataka kwenda wikendi na powerbank.

Kwa nini mjengo, na kwa nini usiku?

Tuwe wakweli, kuna kitu tamu huko juu. Nairobi tunaishi chini. Chini kuna kelele, foleni, makanga, moshi, na mtu anakusukuma kwa bega. Ukifika juu kelele inapungua, taa zinaonekana, na jiji ambalo hukukanyaga mchana kutwa linakaa kama lako. Kwa kijana ambaye hawezi kulipia kinywaji kwa hoteli ya rooftop pale Westlands, mjengo ndio rooftop ya bure.

Pia mjengo ni jengo likiwa uchi. Unaona nguzo, mabomba, waya na mifupa yote kabla ipakwe rangi na kufunikwa na vioo. Kwa mtu anayependa picha au anasomea usanifu wa majengo, hiyo ni shule. Halafu kuna ile ya kufika mahali kwanza. Mwaka mmoja baadaye pale juu patakuwa ofisi ya mtu na huwezi kupita risepsheni.

Na usiku ni kwa sababu mchana kuna watu. Fundi wakishatoka jioni, kunabaki soja mmoja au wawili, redio, na jiko la makaa. Taa za jiji nazo ndizo zinafanya picha iwe picha.

Kwa hivyo hakuna haja ya kuuliza vijana wana shida gani. Hawana shida. Swali ni hili: unajua unakanyaga nini?

Mjengo si jengo

Watu wengi hufikiria mjengo ni jengo la kawaida ambalo halijapakwa rangi. Hapana. Ukiingia jengo lililoisha usiku na taa zimepotea, mwili wako bado unajua mambo mengi. Sakafu inaendelea hadi kwa ukuta. Ngazi ziko sawa. Kwa ukingo kuna reli. Hayo yote mtu aliyaweka ili ukikosea kidogo usife.

Kwa mjengo, hayo ndiyo mambo huja mwisho. Cheki hii list.

*Mashimo ya sakafu.* Kila slabu inaachwa na nafasi za mabomba, waya na hewa. Kuna nafasi kubwa ya lifti ambayo inashuka kutoka juu hadi chini kabisa, bila mlango. Mara nyingi hayo mashimo hufunikwa na kipande cha plaiwudi au mbao. Watu wa site wanajua kila moja liko wapi kwa sababu wanapita hapo kila siku. Wewe ukija na tochi ya simu unaona ubao umelala chini, kama mbao zingine mia moja. Ukiukanyaga unaweza kukushika, au usikushike.

*Slabu ambayo haijakomaa.* Zege haikauki tu kama matope. Inaendelea kujenga nguvu siku baada ya siku, na mainjinia huipima nguvu yake kamili baada ya siku 28. Baada ya wiki moja huwa imefika karibu theluthi mbili. Ndiyo maana chini ya slabu mpya unaona msitu wa nguzo za mbao au vyuma. Hizo ndizo zinabeba uzito. Ukipita hapo gizani na uteleze, ukashika nguzo moja ikatoka, umeshika kitu ambacho kilikuwa kinashikilia paa lililo juu yako. Na hii ni Nairobi, ambapo hata jengo ambalo watu wamehamia linaweza kuanguka. Huruma, Aprili 2016, ghorofa sita zilianguka usiku wa mvua na zaidi ya watu 40 wakafa.

*Vyuma vilivyosimama.* Mahali nguzo itaendelea, vyuma huachwa vimechomoza juu kama mikuki. Mchana unaviona na unazunguka. Usiku ukijikwaa tu, hata kama hujaanguka kutoka juu, unaweza kuvilalia.

*Jukwaa la nje.* Kwa mijengo mingi hapa, jukwaa la fundi ni miti iliyofungwa na misumari na waya. Fundi anajua ni ubao gani umelegea. Kesho asubuhi anaweza kuubadilisha, au amalize nao kazi akiwa makini. Wewe hukuambiwa.

*Stima na maji.* Waya za mjengo ni za muda. Zinapita chini, zimeungwa na tepu, na mahali pengine zinalala kwa maji. Kwa besimenti na kwa shimo la lifti maji ya mvua hujaa. Usiku maji meusi yaliyotulia yanafanana kabisa na sakafu.

*Kreni.* Hii ndiyo wengi hawajui. Dereva wa kreni akifunga kazi jioni, haachi mkono wa juu ukiwa umefungwa. Anauachilia uzunguke na upepo, kama bendera. Akiufunga, upepo mkali unaweza kuiangusha kreni yote. Kwa hivyo ile kreni unaona imelala usiku haijalala. Msee akiwa kule kwa ncha, na upepo ubadilishe njia, sakafu yake inaanza kutembea. Na upepo wa juu si ule wa chini kwa stage. Kadri unavyopanda ndivyo unavyozidi. Hata wataalamu kreni huwageuka mchana: Agosti 2021 pale Hurlingham kreni ya mjengo ilianguka na kuua wafanyakazi kadhaa.

Ongeza macho yako. Macho ya binadamu yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza vizuri. Ukiangalia skrini ya simu mara moja tu, ile kazi yote inarudi nyuma. Sasa fikiria mtu ambaye amekuja kushoot, anaangalia skrini kila dakika, halafu anageuka kutafuta njia ya kushuka.

Hesabu ya kuanguka

Ghorofa ya tatu ni kama mita tisa. Kutoka hapo hadi chini ni sekunde moja na kitu, na unafika ukiwa na spidi ya karibu kilomita 48 kwa saa. Ghorofa ya kumi ni kama mita 30. Hapo ni sekunde mbili na nusu, na spidi inapita kilomita 85. Matatu haikubaliwi kupita 80 barabarani.

Ile ya tatu ndiyo hatari zaidi kwa akili, kwa sababu haionekani mbali. Mtu anajiambia "hapa si juu sana." Halafu ukianguka ndani ya mjengo usiku, shida ya pili inaanza: hakuna mtu anajua uko hapo. Umeingia kimyakimya, beshte zako wameogopa wakaingia mitini, na soja yuko upande ule mwingine akisikiliza redio. Unaweza kuvunjika kwa shimo la lifti saa tano usiku na upatikane saa mbili asubuhi, wakati fundi wanaripoti kazi.

Ukishikwa Nairobi

Garrett na wenzake wakishikwa London, mara nyingi walikuwa wanaongea na polisi, kisha mawakili, kisha korti. Huku story inaweza kuwa fupi.

Kwanza, kwa mtaa, mtu aliye ndani ya mjengo usiku ana jina moja tu: mwizi. Vyuma, sementi, waya na mbao huibiwa kila siku, na mwenye mjengo amelia mara kadhaa. Soja akipiga kelele ya "mwizi!", hakuna mtu atauliza kama una akaunti ya Instagram. Watu watatoka na mawe. Tunajua vile mob ya Nairobi hufanya kazi, na haisikilizi story ya kamera.

Pili, jiji hili lina kumbukumbu. Baada ya Westgate Septemba 2013 na Dusit Januari 2019, vijana watatu wenye mabegi meusi wakipanda jengo gizani hawaonekani kama wapiga picha. Soja hajui kilicho kwa begi. Polisi akiitwa, anakuja akiwa na bunduki na wasiwasi.

Tatu, sheria iko. Kuna Sheria ya Trespass, Sura ya 294, ambayo inafanya kuingia kwa mali ya mtu bila ruhusa wala sababu ya maana kuwa kosa. Na ukichagua jengo la serikali au lililo karibu na kambi, hiyo ni kesi ya aina nyingine kabisa. Mabati yanayozunguka mjengo yanaweza kuwa na tundu, lakini hilo tundu si ruhusa.

Mtu ambaye haonekani kwa video

Tunaongea sana kuhusu anayepanda. Tuongee kuhusu soja.

Soja wa mjengo huingia jioni na kutoka asubuhi, masaa kumi na mbili, mara nyingi peke yake. Ana rungu, tochi, koti zito na chai kwa thamosi. Mshahara wake unaujua ama unaweza kuukisia. Wewe ukiingia na utoke salama, kwako ni video. Kesho mwenye mjengo akiona jengo lake likitrend, swali la kwanza ni, "Nani alikuwa zamu?" Huyo mzee anaweza kupoteza kazi kwa sekunde kumi na tano zako.

Na ukianguka ni mbaya zaidi. Site inafungwa, uchunguzi unaanza, na fundi na vibarua ambao hulipwa kwa siku wanakaa nyumbani bila kitu. Mama wa chapo na madondo aliye pale nje ya geti hauzi siku hiyo. Wote hao hawakuwa kwa plan yenu ya usiku.

Nani anakula?

Kuna story ya Wu Yongning, kijana Mchina wa miaka 26 aliyekuwa na mashabiki wengi mtandaoni kwa kupanda majengo marefu bila kamba. Novemba 2017 alipanda jengo la ghorofa 62 mjini Changsha, akaweka kamera, akajining'iniza kwa ukingo. Alijaribu kujivuta arudi juu, mikono ikakataa. Kamera ilirekodi kila kitu.

Mamake alipeleka kampuni ya video kortini. Mwaka wa 2019 mahakama ya Beijing ikasema ndiyo, kampuni ina sehemu ya lawama, kwa sababu ilijua anachofanya na ilimtumia kujitangaza. Iliamuriwa ilipe yuan 30,000. Kwa pesa ya huku ni kama nusu milioni hivi. Na korti ikasema pia kwamba lawama kubwa ilikuwa ya Wu mwenyewe.

Hiyo ndiyo bei iliandikwa. App iliendelea. Watu wakaendelea kuscroll. Kwa hivyo ukijiuliza kama mtandao utakukumbuka, hapo kuna jibu.

Picha bila kuiba njia

Sasa, kama ni jiji unataka kuona kutoka juu, kuna njia, na zingine ni za bei ya kawaida.

KICC ni ya kwanza. Ilimalizika 1973, ina ghorofa 28, na unalipa kidogo mlangoni unapanda hadi juu, helipad na yote. Nenda jioni mapema, angalia taa zikiwaka upande wa Upper Hill, upige picha zako ukiwa na mikono miwili iliyotulia. Picha iliyotulia ni kali kuliko ile ya mtu anayetetemeka.

Ya pili ni kuomba. Wengi hucheka hii, lakini inafanya kazi kuliko unavyodhani. Kila mjengo halali unafaa kuwa na ubao pale mbele, wenye jina la mwenye mradi, msanifu, injinia na kontrakta. Hiyo ni anwani ya kutuma barua. Andika wewe ni nani, unataka kushoot nini, dakika ngapi, na uwape picha watumie. Kontrakta wengi wanapenda kazi yao ionekane. Au fika mchana, usimame getini kama mtu mwenye adabu: "Habari ya kazi, mzee wangu. Naweza kuongea na foreman?" Ukikubaliwa, utapewa helmeti, utaandikwa kwa kitabu, na mtu anayejua kila shimo atatembea mbele yako. Ukikataliwa, umepoteza dakika tano.

Mutua Matheka, mmoja wa wapiga picha waliofanya Nairobi ipendeze duniani, alisomea usanifu wa majengo kabla ashike kamera. Macho yake yalifunzwa kuelewa jengo kwanza. Hiyo ni njia ambayo msee yeyote anaweza kuanza nayo, hata akiwa chini kwa barabara.

Ya tatu, ukitaka ndege ndogo ya kamera, fuata kanuni za KCAA kwanza. Usiirushe juu ya Nairobi kienyeji halafu ushangae ikichukuliwa.

Na kwa mbogi ambayo bado inapanga wikendi: kabla mtoke, mmoja wenu apite kwa huo mjengo saa nane mchana, asimame nje ya mabati, aangalie juu dakika kumi. Aangalie fundi wakitembea kwa ukingo, wanavyoweka mguu, wanavyoitana kabla wapitishe kitu, wanavyozunguka ule ubao mmoja ambao hauna chochote cha kuutofautisha na mingine. Hao wanafanya hivyo kukiwa na jua, wakiwa na helmeti, na wameijua hiyo sakafu tangu imwagwe. Halafu arudi base awaambie wengine alichoona, na hapo ndipo muamue.